Je, wajua kwa nini kuna watu wanapanda na kushuka Kilimanjaro kwa saa 7 wakati wewe unaambiwa pole pole siku 7?

Ukienda kupanda Kilimanjaro neno la kwanza utakaloambiwa ni pole pole, utaambiwa getini, utaambiwa tena kila ukijaribu kumpita mwongozaji wako, na ule usiku wa kilele mkitoka kambi ya Barafu ndo kabisa, mnatembea kama kila mtu ana ndoo ya maji kichwani na hataki hata tone limwagike. Siku 6, siku 7, wengine 8.

Sasa mlima huo huo, Agosti 2014, jamaa anaitwa Karl Egloff, mtu wa Ecuador mwenye asili ya Uswisi, alitoka geti la Umbwe akafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kwa saa 4 na dakika 56. Akageuka akashuka hadi geti la Mweka na jumla yake yote ikawa saa 6 na dakika 42. Kabla yake alikuwepo Kilian Jornet wa Hispania mwaka 2010, saa 7 na dakika 14, na kabla ya hao wote mtoto wa nyumbani Simon Mtuy, Mchagga kabisa na mwongozaji wa watalii, ambaye 2004 alipanda na kushuka kwa saa 8 na dakika 27. Jina lake linatajwa kidogo mno hapa kwetu na mimi naona tunamkosea.

Hebu pima hiyo kasi ya Egloff. Kutoka Umbwe hadi Uhuru ni zaidi ya mita 4,200 za kwenda juu, kwa hiyo alikuwa anapanda karibu mita 14 kila dakika, yaani kama kupanda ngazi za jengo la ghorofa 4 kwa dakika moja, halafu ghorofa 4 nyingine, halafu nyingine, karibu saa 5 nzima na hewa inapungua njia nzima.

Mbona hawaugui?

Jibu la kwanza ni muda wenyewe. Watu wengi wanadhani ukifika juu haraka ndo unaugua hapo hapo, kumbe ugonjwa wa mwinuko wa kawaida, ule wa kichwa kugonga, kichefuchefu na chakula kutopita, mara nyingi unachukua kama saa 6 hadi 12 tangu ufike juu ndo uanze. Ndo maana mtalii anafika kambini jioni anacheka na kupiga picha, halafu usiku wa manane anatoka kwenye hema ameshika kichwa. Huyu mkimbiaji saa hizo zikifika yuko chini kwenye migomba ya Kibosho anakunywa chai. Yaani alipanda, akagusa, akaondoka kabla mwili haujamaliza kushtuka.

Lakini usije ukaishia hapo ukaenda kujaribu, maana jibu la pili ndo kubwa zaidi: hawa watu pole pole yao walishaifanya kabla. Egloff ni mtu wa Quito, mji uliokaa mita 2,850 hivi juu ya bahari, na amefanya kazi ya kuongoza watu kwenye milima mirefu ya kwao. Mtuy mlima ulikuwa ndo kazi yake ya kila siku.

Na hiyo pole pole inafanya nini hasa? Pale Uhuru hewa ina oksijeni asilimia ile ile 21 kama ya Tanga au Dar, tofauti ni kwamba mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea nusu ya ulichozoea. Mwili unajibu kwa kupumua haraka, ila ukipumua haraka unatoa kabondayoksaidi nyingi mno, damu inabadilika tindikali yake, na mwili wenyewe unaanza kukubania kupumua hasa ukiwa umelala. Figo ndo zinakuja kurekebisha, na figo hazina haraka, zinataka siku kadhaa. Kuongeza chembe nyekundu za damu ndo kunataka wiki kabisa. Mtalii ana siku 7 za kufanya kazi hiyo akiwa njiani na begi mgongoni, mkimbiaji ameshaimaliza kabla saa yake haijaanza kuhesabu. Mtu aliyetoka pwani jana akaamua kukimbia hadi juu, hata kama ana mapafu ya marathoni, anajitafutia maji kwenye mapafu, na hayo yanaua.

Halafu kuna suala la njia. Kilimanjaro ina njia nyingi. Lemosho inaanzia magharibi inazunguka tambarare ya Shira taratibu, ni nzuri kwa kuzoea hewa lakini kwa mkimbiaji ni mzunguko mrefu. Rongai inatokea upande wa Kenya. Marangu ndo ile yenye mabanda ya kulala, na Bruno Brunod wa Italia aliipanda 2001 kwa saa 5 na dakika 38. Umbwe yenyewe haina mzunguko, inakaa juu ya mgongo mwembamba wa msitu, korongo huku na korongo kule, na sehemu nyingine mizizi ya miti ndo ngazi, unashika kwa mkono unajivuta. Watalii wengi wanashauriwa waiache kwa sababu inakupandisha juu haraka kuliko mwili unavyotaka. Ukitoka msituni unaingia kambi ya Barranco, karibu mita 3,950, kule kwenye ile mimea mikubwa ya senesio inayosimama kwenye ukungu kama watu. Kutoka hapo mkato mkali zaidi ni Western Breach, ukuta wa mawe uliokuwa umeshikiliwa na barafu, na barafu ikiyeyuka mawe yanaachia, Januari 2006 yaliua wapandaji watatu wa Marekani na njia ikafungwa kwa muda. Sio njia ya kuchezea.

Kushuka ni Mweka, na Mweka ni ya kushuka tu, kupandia hairuhusiwi. Inanyooka kutoka Barafu hadi kwenye migomba. Egloff alitumia saa 1 na dakika 46 kutoka kilele hadi geti, yaani mita 40 za kwenda chini kila dakika. Chini ya Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, kuna changarawe laini na vumbi, hapo hukanyagi, unateleza, kila hatua inakupeleka hatua mbili na mawe madogo yanaingia kwenye viatu, wanaojua wanavaa vile vitambaa vya kufunika kifundo. Hewa inazidi kuwa nzito kila dakika na kifua kinafunguka, kwa hiyo mapafu hayalalamiki tena, sasa ni zamu ya mapaja.

Hapa ndo wengi hawaelewi. Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja kukusukuma juu. Ukishuka, msuli huo huo unavuta huku unarefushwa kwa nguvu, unafanya kazi ya breki, na kuvuta huku unarefuka ndo kunachana nyuzi zake ndogo ndogo kuliko kazi nyingine yoyote. Husikii maumivu siku hiyo. Unasikia kesho yake na keshokutwa. Nenda kwenye hoteli yoyote ya Moshi asubuhi uwaangalie walioshuka mlimani jana wakija kunywa chai, wanashuka ngazi ubavu ubavu, mkono kwenye reli, uso umekunjwa. Dawa yake ni kuzoesha mapaja kushuka wiki kadhaa kabla, na siku yenyewe hatua fupi fupi, goti limekunjwa kidogo, usitupe kisigino mbele.

Hatua hizo wapagazi wanazo bila kufundishwa na mtu. Kaa kwenye njia ya Mweka siku ya mwisho ya safari yoyote, kule chini msituni kwenye ngazi za magogo zilizojaa tope. Utasikia kwanza sauti, "pisha, pisha", halafu anapita kijana na furushi la hema kichwani, uzito unaoweza kufika kilo 20, shingo imenyooka haitingishiki hata kidogo na miguu chini inacheza haraka kama ya mtu anayekanyaga makaa, anakupita, na kabla hujageuka vizuri ameshapotea kwenye kona na mwenzake anakuja nyuma yake.