Pedi za breki: soma ubavu wake kabla ya kulipia

Mwenye gari akifika duka la spea, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road, huulizwa swali moja tu: gari gani? Akijibu "IST" anapewa boksi, analipa, anampelekea fundi. Hapo yamerukwa mambo mawili yanayoamua kama gari litasimama: pedi zilizotoka zimeishaje, na hizo mpya zinavumilia joto kiasi gani. Sisi tunaofundisha ufundi wa magari tunaona matokeo yake kila wiki karakanani.

Pedi ni bati la chuma lililogandishiwa tabaka la msuguano. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki yanasukuma pistoni ya kalipa (kifaa kinachoshikilia pedi), pedi mbili zinaibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na mwendo wa gari unageuka kuwa joto. Kwa magari mengi madogo, tabaka jipya lina unene wa kama milimita 10 hadi 12. Zikibaki 3, nunua nyingine. Zikibaki 2, usianze safari. Pedi nyingi zina kibati kidogo kinachogusa diski tabaka linapokaribia kuisha, ndipo unaposikia mlio mwembamba, mkali. Fundi akikuambia atazisugua pedi kwa msasa ili mlio uishe, mwombe kwanza afungue tairi mziangalie pamoja.

Ishara nyingine hupuuzwa sana. Pedi zinavyozidi kuisha, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta ya breki hushuka kwenye kikopo chake, hadi taa ya dashibodi huwaka. Wengi huongeza mafuta na kuendelea na safari. Taa inazimika, pedi zinaendelea kuisha.

Pedi za zamani zikishatoka, usikubali zitupwe kabla hujaziona. Ziweke juu ya meza, ya ndani na ya nje, upande wa kushoto na wa kulia. Tukio la kawaida kabisa ni hili: ya nje imebaki nusu, ya ndani imeisha hadi bati linang'aa. Hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba pini ambazo kalipa hutelezea zimekwama, au pistoni hairudi. Ukizichomoa pini unakuta zimekauka, zina kutu ya kahawia, na mpira wa kuzuia vumbi umepasuka. Zisafishwe, zipakwe grisi maalumu ya breki, na mpira ubadilishwe. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira hiyo. Ukifunga pedi mpya juu ya pini zilizokwama, umenunua pedi za miezi michache. Na kama upande mmoja wa gari umeisha zaidi ya mwingine, dawa si kubadilisha upande huo peke yake. Pedi hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo gari huvuta upande ukifunga breki.

Sasa dukani. Jina la gari halitoshi. IST ya toleo la NCP60 si sawa na ya NCP110, na hata ndani ya toleo moja injini tofauti zinaweza kuja na breki tofauti. Nenda na namba ya chesisi, au bora zaidi, nenda na pedi ya zamani mkononi.

Kisha igeuze hiyo mpya, usome maandishi yaliyochapwa ubavuni au mgongoni. Kwenye pedi nyingi utakuta, mwishoni mwa mlolongo wa herufi na namba, herufi mbili: EE, FE, FF, GG. Ya kwanza inaonesha nguvu ya msuguano breki ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. Kwa kipimo cha msuguano, ambapo namba kubwa ni kushika zaidi, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa hiyo FE hushika vizuri mjini lakini hulegea ikichemka. Ukishuka mlima Kitonga kutoka Iringa na Noah iliyojaa abiria na mizigo, unaitegemea ile herufi ya pili. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, wala G si lazima iwe bora kwako kuliko F. Lililo jema ni kukaribia zile zilizokuja na gari. Ukikuta E ndani ya duara, ambayo ni alama ya kibali cha Ulaya na si herufi ya msuguano, pamoja na maandishi 90R, maana yake aina hiyo imepimwa ikilinganishwa na pedi za kiwandani, na tofauti ya msuguano isizidi asilimia 15. Alama huigizwa, kwa hiyo nunua kwa mwenye duka anayekupa risiti na unayeweza kumrudia.

Kuhusu aina, maoni yangu ni haya. Kwa foleni za mjini, pedi laini za oganiki au za seramiki zinatosha. Hazina kelele na haziili diski. Kwa gari la mizigo au la milimani, chukua zenye chembe za chuma, ukubali kelele kidogo na diski kuisha mapema.

Lakini hakuna pedi itakayokuokoa kama unashuka mlima mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Shusha gia, injini ilizuie gari. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, ila yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka pedali inazama hadi chini. Pwani penye unyevunyevu, yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Siku ya kufunga, fundi apime diski pia. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechapwa juu yake baada ya maneno MIN TH. Asipulize vumbi la breki kwa kompresa, maana baadhi ya pedi za zamani zina asbesto. Alifute kwa kitambaa kilicholowa. Kabla gari halijatoka gereji, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, kwa kuwa pistoni zimerudishwa ndani na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Kilomita 300 za mwanzo, funga breki taratibu na mapema, tabaka jipya likae sawasawa na diski.