Mgomo wa wahudumu wa ndege: hesabu inaanzia mlangoni

Wahudumu wakitishia kugoma, wakubwa wa kampuni huomba orodha ya majina: nani atakuja kazini, nani hatakuja. Mpango uliojengwa juu ya orodha hiyo peke yake huanguka siku ya kwanza. Majina 40 kwenye karatasi hayakuambii ni ndege ngapi zitaondoka Luano, uwanja wa Lubumbashi huku Kongo, kesho asubuhi. Watu wa sendika, chama cha wafanyakazi, nao hukosea palepale: wanahesabu wanachama waliopiga kura, kumbe kinachosimamisha ndege ni kitu kingine.

Kitu hicho ni idadi ya chini ya wahudumu. Kanuni ya Marekani na Ulaya, ambayo nchi nyingi zimeifuata, inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50, na viti vinavyozidi, hata vikiwa vinne tu, vinadai mtu wao. Kinachohesabiwa ni viti vilivyofungwa ndani ya ndege. Airbus A320 ya viti 180 inadai wahudumu 4 hata kama abiria ni 60. Dash 8-400 ya viti sabini na kitu inadai 2. Boeing 737-800 ya viti 154 inadai 4 pia. Ingekuwa na 150 kamili, 3 wangetosha. Ndiyo maana utamsikia mtu mmoja kwenye kikao akipendekeza ving'olewe viti vinne. Wazo si baya, ila ni kazi ya mafundi yenye hati zake, na haifanywi usiku wa kuamkia mgomo.

Nyuma ya namba hizo kuna jaribio la kuhamisha watu. Mtengenezaji lazima aonyeshe kwamba ndege iliyojaa inaweza kubaki tupu ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango haitumiki. Ulaya inaruhusu kupunguza wahudumu kwa kupunguza abiria pale linapotokea jambo lisilotarajiwa, lakini mgomo uliotangazwa siku kadhaa kabla ni vigumu kuuita hivyo.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Kampuni ina A320 mbili na wahudumu 40, na kwa kawaida inafanya safari nne za kwenda na kurudi kwa siku kati ya Lubumbashi na Kinshasa. Toa walio likizoni na kwenye uzazi, 4. Toa ambao cheti chao cha afya kimeisha, 2. Toa waliopitisha tarehe ya mafunzo yao ya kila mwaka, 3. Umebaki na 31 kabla hata mgomo haujaanza. Sendika ikiwavuta asilimia 60, wanabaki 12, yaani timu tatu za watu wanne. Lakini kila timu lazima iongozwe na shefu wa kabini, na katika hao 12 mashefu ni wawili tu. Basi timu ni mbili. Kuripoti saa moja kabla, kuruka zaidi ya saa mbili, kugeuza ndege Ndjili, uwanja wa Kinshasa, kurudi: timu moja imekula kama saa 7 za zamu. Kuipa mzunguko wa pili siku hiyohiyo ni kuisukuma hadi ukingoni mwa saa zinazoruhusiwa. Kwa hiyo safari nne zimekuwa mbili, bila shefu wa akiba. Shefu mmoja akiamka na malaria, inabaki moja na watu saba wanaokaa bure.

Sendika inayojua hesabu hii haihitaji watu wote 31. Ikiwapata mashefu, imepata kampuni nzima.

Dawa ya kwanza ambayo kampuni hukimbilia ni kuwafundisha watu wa ofisini. British Airways ilifanya hivyo mwaka 2010, ikachukua wafanyakazi wa idara nyingine, marubani wakiwemo, wakahudumu ndani ya ndege. Inawezekana, lakini inataka muda: mafunzo ya awali huchukua wiki kadhaa, yakiwa na moto na moshi, huduma ya kwanza, maji, na milango ya aina ya ndege husika. Mlango ndio unaowaumbua wageni wa kazi. Ndege ikiondoka, mlango hutegwa: ukifunguliwa, slaidi ya dharura inajaa upepo na kufyatuka. Mgeni akisahau kuutegua baada ya kutua, akauvuta kumkaribisha mtu wa mizigo, slaidi inatoka. Ndege inasimama pale ilipo, na gharama huhesabiwa kwa maelfu mengi ya dola. Kwenye uwanja usio na slaidi ya akiba, kama huku kwetu, unasubiri ije kwa ndege nyingine.

Dawa ya pili ni kukodi ndege pamoja na watu wake. Mwenye ndege analeta ndege, marubani, wahudumu, matengenezo na bima. Wewe unalipa mafuta, ada za viwanja na huduma za chini, na saa za chini mlizokubaliana hata usiporuka. Mwaka 2017 British Airways ilikodi ndege tisa za Qatar Airways kwa njia hiyo. Kongo, mkataba wa namna hii unapita kwa mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, na karatasi hazitembei kwa mwendo wa mgomo. Kuna pia suala la lugha, ambalo wapangaji hulidharau: mhudumu asiyejua Kifaransa wala Kiswahili atapiga kelele ya "rukeni, acheni mizigo" kwa lugha gani?

Kinachobaki, na mimi naona ndicho cha maana zaidi, ni kufuta safari kwa mpangilio. Air Canada, Agosti 2025, haikusubiri saa ya mgomo. Wahudumu zaidi ya 10,000 walitoa taarifa ya saa 72. Kampuni ikaanza kufuta safari tarehe 14 na mgomo ukaanza tarehe 16. Kwa kampuni ya hapa utaratibu ungekuwa hivi. Saa 72 kabla, simamisha kuuza tiketi za siku zenye mashaka, na usipokee watoto wanaosafiri peke yao, wagonjwa wa machela wala maiti, kwa sababu hao wakikwama katikati hakuna hoteli inayowasaidia. Saa 48, acha kupokea abiria wanaounganisha ndege, wale wa Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg. Saa 24, amua kila ndege italala wapi. Ndege iliyokwama Mbuji-Mayi bila wahudumu haiwezi kurudi na abiria, lakini inaweza kurudi tupu: bila abiria, marubani wanatosha. Wengi husahau hilo. Kwa njia hiyohiyo tumbo la ndege linaweza kuendelea kubeba vipuri vya migodi hata kabini ikiwa kiza.

Abiria wa Lubumbashi ana njia moja ya nje: Kasumbalesa hadi uwanja wa Ndola, Zambia, kama hati zake na kadi ya homa ya manjano ziko sawa. Kwa Kinshasa, barabara si mbadala wa kumwambia mtu mwenye tiketi ya kesho.

Upande wa sheria nitapita haraka. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 39, inatambua haki ya kugoma. Kanuni ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inataka mgomo uwe ndani ya mgogoro wa pamoja, baada ya njia za upatanisho kuisha, na hapo ndipo inspekta wa kazi anapoingia. Bila hati ya kutopatana, ile watu wa sendika wanayoiita PV, mgomo una kasoro, na mwajiri atashambulia kasoro hiyo kabla ya madai yenyewe. Desemba 2009 mahakama ya London ilizuia mgomo wa wahudumu kwa sababu kura ziliwahusisha watu waliokuwa wakiondoka kazini.

Hatari kubwa kwa kampuni ni ile isiyo na taarifa. Wahudumu wanakataa kuongeza saa, hawapokei simu siku ya mapumziko, kila anayehisi uchovu anasema. Kila moja, peke yake, huonekana halali, na ratiba iliyozoea kuishi kwa fadhila zao inapasuka ndani ya siku tatu. Alaska Airlines, 1993, sendika iligoma safari chache tu ilizozichagua bila kuzitaja mapema. Mpango wa kampuni haukujua uelekee wapi.

Na chanzo? Mara nyingi ni kabari. Katika kampuni nyingi malipo ya saa huanza kabari inapotolewa kwenye magurudumu na kuisha inaporudishwa. Kupakia abiria na kuchelewa saa mbili uwanjani hakulipwi, au hulipwa kidogo. Hilo lilikuwa kiini cha mgogoro wa Kanada. Delta ilianza mwaka 2022 kulipa muda wa kupakia kwa nusu ya kiwango cha saa, na mimi sielewi kwa nini kampuni zinangoja mgomo ndipo zihesabu dakika ambazo tayari zimo kwenye kompyuta yao.

Kuanza tena huchukua muda mrefu kuliko kusimama. Air Canada ilitangaza siku saba hadi kumi. Ndege ziko mahali pasipo pao, na mafunzo ya baadhi ya watu yameisha tarehe wakati wa mgomo. Wiki ya kwanza usipange timu ya wawili waliogoma na wawili waliovunja mgomo. Watu wasiosemeshana hawapeani taarifa ya moshi jikoni. Wala usiguse tiketi za bei nafuu wanazopewa waliogoma kama wafanyakazi. British Airways iliwanyang'anya waliogoma mwaka 2010, na mgogoro ukaendelea hadi 2011, tiketi hizo zikiwa zimegeuka dai jipya juu ya yale ya zamani.