Kusawazisha maji ya bwawa jipya la kuogelea: maana yake na kinachotangulia

Kusawazisha maji ya bwawa la kuogelea ni kuyafikisha katika hali ambayo hayatafuni kuta wala mabomba, hayaachi magamba ya chokaa, hayawashi macho ya waogeleaji, na yanaiwezesha klorini kuua vijidudu ipasavyo. Bwawa lililojazwa kwa mara ya kwanza huwa bado halijafika hapo, hata kama maji yake ni maangavu kiasi cha kuonyesha kila kigae cha sakafuni. Maji hayo yamekuja na tabia za kule yalikotoka: ya kisima kirefu huweza kuwa na chuma au chokaa nyingi, ya mvua huwa karibu hayana madini, na ya bomba yametayarishwa kwa ajili ya kunywewa, si kwa ajili ya kukaa miezi mingi juani ndani ya shimo lililosakafiwa kwa saruji.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukimbilia klorini kabla ya kupima kitu kingine chochote. Klorini hufanya kazi kwa kutegemea pH, yaani kipimo kinachoonyesha kama maji yameelemea upande wa asidi au wa alkali. Namba 7 ndiyo ya katikati, na kwa bwawa la kuogelea kiwango kinachokubalika ni kati ya 7.2 na 7.8. Klorini inapoyeyuka majini hujigawa katika sura mbili: asidi ya haipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hodari wa vijidudu, na haipokloraiti, ambayo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Kwenye pH ya 7.5 sura hizo mbili hukaribia kulingana. pH ikifika 8, ile yenye nguvu hubaki takriban robo tu. Kwa hiyo anayemimina klorini zaidi na zaidi katika maji yenye pH ya juu anatumia fedha nyingi kwa dawa ambayo sehemu yake kubwa haifanyi kazi, ilhali kiasi kidogo cha asidi kingeiamsha ile iliyokwisha kuwamo. pH ikishuka chini ya 7.2 shida hugeuka: maji huanza kula saruji iliyo kati ya vigae, hushambulia shaba ya mitambo ya kupashia maji joto, na macho huwasha.

Hata hivyo, pH si kitu cha kwanza kurekebishwa, na hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo. Kabla yake kuna ualkali wa jumla, yaani wingi wa baikaboneti na viambata vya jamii hiyo vilivyomo majini, ambavyo huipokea asidi inayoingia na kuizuia isiivuruge pH papo hapo. Kiwango kinachofaa ni miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Ualkali ukiwa mdogo, pH huyumba kwa kila kinachoongezwa, hata mvua ya usiku mmoja. Ukiwa mkubwa, pH hupanda yenyewe kila mara kadiri hewa ya kaboni inavyotoka majini, na asidi inayotiwa leo huonekana haikufanya kitu kesho. Ndiyo maana mtu aliyerekebisha pH kwanza akaja kurekebisha ualkali baadaye hulazimika kuirudia ile kazi ya kwanza.

Upimaji wa ualkali kwa matone unaeleweka upesi. Maji ya bwawa huchotwa kutoka kina cha mkono hadi kiwiko, si ya juu juu, yakatiwa katika chupa ya kupimia pamoja na dawa ya rangi inayoyageuza kuwa ya kijani. Kisha tone la dawa ya pili huongezwa moja baada ya jingine huku chupa ikitikiswa, mpaka rangi ya kijani igeuke nyekundu. Idadi ya matone hufasiriwa kwa kufuata maelezo ya kifaa husika, na katika vifaa vingi kila tone huwakilisha miligramu 10 kwa lita.

Kupata kiasi cha dawa ya kupandisha ualkali kunahitaji kwanza ujazo wa bwawa, nao ni urefu mara upana mara wastani wa kina. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye wastani wa kina cha mita 1.5, lina mita za ujazo 75. Kila mita ya ujazo huhitaji takriban gramu 17 za sodiamu baikaboneti ili ualkali upande kwa miligramu 10 kwa lita; hivyo kuutoa kwenye 60 hadi 90 katika bwawa hilo kunahitaji karibu kilo 3.8. Ni busara kutia nusu, kuiacha pampu izungushe maji kwa saa kadhaa, kupima tena, ndipo kuongeza.

Kipimo cha tatu ni ugumu wa maji, yaani kalisiamu iliyoyeyuka, ambayo kwa bwawa la saruji hutakiwa iwe miligramu 200 hadi 400 kwa lita. Maji yenye upungufu wa kalisiamu huifuata mahali ilipo, yaani ndani ya lipu, na ukuta uliokuwa laini huanza kukwaruza ngozi. Mwaka 1936 mtaalamu wa maji Wilfred Langelier alitunga njia ya kukokotoa mwelekeo huu kwa ajili ya mabomba ya maji, akiunganisha pH, ualkali, kalisiamu, joto na wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Jibu likiwa karibu na sifuri, maji hayachukui chokaa wala hayaiachi. Kalisiamu huongezwa kwa kalisiamu kloraidi, ambayo hutoa joto kali inapoyeyuka. Isitiwe pamoja na sodiamu baikaboneti, kwani vikikutana vikiwa vizito maji hugeuka meupe kama maziwa.

Maji ya kisima yapimwe chuma kabla ya klorini kuingia, maana klorini hukigeuza kuwa kutu na bwawa zima huwa la kahawia.

Asidi ya kushusha pH humiminwa ndani ya ndoo yenye maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na mtu avae glavu na miwani. Asidi na klorini vikichanganyika hutoa gesi ya sumu, na aina mbili tofauti za klorini kavu zinaweza kulipuka zikikutanishwa.

Bwawa lenye lipu mpya lina jambo lake la ziada: saruji changa huendelea kutoa chokaa kwa wiki kadhaa, hasa katika siku 28 za mwanzo, na pH hupanda hata pale ambapo kila kitu kilifanywa sawasawa. Katika kipindi hicho pH hupimwa kila siku, asidi hutiwa kidogo kidogo, na kuta husuguliwa kwa brashi ili vumbi la chokaa lielekee kwenye chujio badala ya kuganda ukutani.