Je, wajua kwa nini chuma kiliiondoa bronzi? Si kwa ugumu wake

Historia ya kale hufundishwa kama ngazi: mawe, kisha bronzi, kisha chuma. Ukiipanda hivyo, ni rahisi kuamini kwamba siku watu walipopata chuma walitupa panga zao za bronzi kwa kuwa sasa walishika kitu kigumu zaidi. Jibu hilo linaonekana wazi mno hata hakuna anayelipima.

Tulipime basi. Bronzi ni shaba sehemu tisa na bati sehemu moja hivi. (Bati hapa ni madini yenyewe. Mabati ya paa ni chuma kilichopakwa zinki.) Ikishasubiwa kwenye kalibu, kisha makali yake yakapigwa nyundo yakiwa baridi, bronzi hufika 200 na zaidi kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers. Chuma kitupu, kama kilivyotoka kwa mhunzi wa mwanzo, ni 100 na kidogo. Upanga wake hupinda, makali huisha upesi, na ukiusahau kwenye unyevu unashika kutu. Aliyebadilisha bronzi kwa chuma hicho alipunjwa.

Wala chuma hakikuwa kigeni. Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki mnamo 1323 KK, alizikwa na jambia la chuma lenye nikeli karibu asilimia 11, alama ya chuma cha kimondo. Kilikuwa kito cha mfalme.

Kuna pia hadithi kwamba Wahiti wa Anatolia, Uturuki ya leo, walihodhi siri ya chuma, na dola yao ilipoanguka siri ikatapakaa. Lakini vyuma vilivyochimbuliwa kwao ni vichache, na ipo barua ya mfalme wao Hattusili wa Tatu, ya karne ya 13 KK, akimweleza mfalme mwenzake kwamba chuma kizuri hakipo ghalani, apokee kwanza kipande kimoja cha jambia. Hiyo si barua ya mtu aliyejaza ghala la silaha. Na ngazi yenyewe, kusini mwa Sahara, mara nyingi haina kidato cha pili: Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, chuma kilifuliwa miaka 2,000 hivi iliyopita bila zama zozote za bronzi kutangulia.

Basi nini kilitokea? Mnamo 1200 KK miji mingi ya mashariki ya Mediterania iliteketea au kuhamwa, Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, na Ugarit zikiwemo, na biashara ya mbali ikayumba. Bronzi iliitegemea biashara hiyo. Meli iliyozama Uluburun, kusini mwa Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK, ilibeba shaba tani 10 na bati tani moja, kipimo kamili cha kutengeneza bronzi. Shaba ilitoka Kupro; bati lilipatikana sehemu chache, nyingi za mbali. Mtapo wa chuma, yaani mawe yenye chuma ndani yake, kinyume chake, uko karibu kila mahali. Hata hivyo, nadharia ya njaa ya bati isivutwe mno, maana vyombo vingi vya bronzi vya Ugiriki wa karne zilizofuata bado vina bati la kutosha.

Taabu ilikuwa kwenye kukitoa chuma. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Chuma kinataka 1,538, na tanuri la mivukuto lilifika 1,200 hivi. Kwa hiyo chuma hakikuyeyuka. Moshi wa makaa uliiondoa oksijeni kwenye mtapo, takataka zikayeyuka na kutiririka, zile mhunzi aziitazo mavi ya chuma, likabaki donge lenye matundu. Fikiria kukama nazi: tui linatoka, chicha inabaki, lakini chicha hiyo bado ina tui mpaka uiminye kwenye kifumbu. Hapa kinachotakiwa ni chicha. Kuminya kwake ni nyundo, donge likiwa jekundu. Likipoa, lirudi motoni, maana ukilipiga baridi linapasuka. Upepo ukiwa haba, mavi hayatoki. Kaboni, inayotoka kwenye makaa, ikizidi asilimia 2, chuma huvunjika chini ya nyundo kama chungu.

Kati ya chuma kitupu na hicho chenye kaboni nyingi mno ndipo kuna chuma cha pua, chenye kaboni kidogo tu. Kipande kikikaa saa kadhaa ndani ya makaa, kwenye nyuzi zaidi ya 900, kaboni hukiingia kutoka nje kwenda ndani, kama chumvi inavyomwingia samaki wa ng'onda: ngozi kwanza, moyo baadaye au usifikiwe kabisa. Milimita moja tu, lakini makali hayahitaji zaidi. Kikitumbukizwa majini kikiwa chekundu, ugumu huongezeka mara kadhaa, nayo bronzi imeachwa mbali. Kinakuwa pia chepesi kukatika kama kioo, hivyo hupashwa tena kidogo, nyuzi 200 hadi 300.

Sasa angalia mtego. Shaba ukiipasha hadi iwe nyekundu na kuitia majini, inalainika. Ndivyo mhunzi wa bronzi alivyofanya kila nyundo ilipoikaza kupita kiasi. Mikono iliyozoea hivyo kwa vizazi ilibidi ijifunze kinyume. Visu vya Kupro vya karne ya 12 na 11 KK vimekutwa na makali yenye kaboni, ingawa kisu kimoja hakisemi kama fundi alijua au alibahatika.

Na bronzi haikwenda popote. Miaka 700 baadaye askari wa Kigiriki bado alivaa kofia ya bronzi. Ncha ya mkuki wake ilikuwa ya chuma. Kitako, kilichochomekwa kwenye udongo wenye maji askari akipumzika, mara nyingi kilikuwa cha bronzi, isiyoliwa na kutu.