Dishi la Mota: Yasemwayo Barazani na Yaliyoko Juu

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Ng'ambo alitaka chaneli ya Makka. Akamwambia fundi, "Mwanangu, we lielekeze kibla tu." Kwetu Unguja kibla ni kaskazini, na yule kijana kwa adabu zake akalielekeza huko. Risiva ikatafuta mpaka adhana ya adhuhuri, isipate kitu.

Wengi huamini kwamba setilaiti hukaa juu ya nchi yenye chaneli zake. Sivyo. Setilaiti za televisheni tunazozilenga kwa madishi zimepangwa kwenye ukanda mmoja juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Kwa umbali huo, setilaiti humaliza mzunguko wake kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaiona kama imepigiliwa msumari. Setilaiti ya Arabsat ya nyuzi 26 Mashariki (nyuzi ni za longitudo ambayo setilaiti iko juu yake), yenye chaneli chungu nzima za Kiarabu, iko juu ya misitu ya Kongo. Za Eutelsat za nyuzi 36, wanazotumia DStv, ziko karibu sawa na Nakuru, Kenya. Ya nyuzi 7, ya Azam, iko juu ya bahari upande wa São Tomé, na ndiyo maana madishi ya Azam hapa Mjini yote yanatazama magharibi, kama yanayongoja boti kutoka Bara.

Hapo ndipo watu hutaka mota, na mota ina uzushi wake. Kuna wanaodhani kazi yake ni kuifuata setilaiti inavyotembea. Lakini kwa anayeitazama kutoka chini, setilaiti haitembei. Mota hulitoa dishi kwenye setilaiti moja na kulipeleka kwenye nyengine. Wengine hudhani mota "huvuta" mawimbi. Mota ni shingo, dishi ndilo jicho. Ukiwa na dishi dogo lisilopata setilaiti fulani likiwa limefungwa bila ya mota, halitaipata kwa sababu limewekewa mota.

"Basi nitapata dunia nzima." Hutapata. Ukisimama Unguja, ukanda ule unauona kuanzia juu ya Atlantiki mpaka karibu na Borneo. Zaidi ya hapo umezama chini ya upeo. Setilaiti zinazohudumia Marekani, zile za nyuzi 90 na zaidi Magharibi, ziko upande wa pili wa dunia, na hakuna mota inayochimba ardhi.

Hata zinazoonekana si zote zinazotumulika. Hili huwaumiza watu zaidi kuliko jengine lolote. Setilaiti hulenga miale yake kama mtu anavyoelekeza kurunzi. Ile Arabsat ya nyuzi 26 iko karibu nasi kuliko ilivyo karibu na Makka yenyewe, lakini kurunzi yake kubwa imeelekezwa Uarabuni na Afrika ya Kaskazini. Kwetu inafika kwa taabu. Za Waingereza za nyuzi 28.2 ndiyo usiseme: zinaning'inia karibu na utosi wetu, huku miale ya chaneli zao nyingi imebanwa kwenye visiwa vyao. Kabla hujanunua mota, tafuta ramani ya miale ya kila setilaiti unayoitaka. Na hata ikikufikia, chaneli nyingi zimefungwa na zinataka kadi ya kulipia. Mota haifanyi kazi ya kadi.

Kosa jengine ni la mafundi, nao watanisamehe. Michoro mingi inayokuja na mota imechorwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, kwa hiyo huambiwa dishi litazame kusini. Sisi tuko kusini ya ikweta; letu, likiwa katikati ya mwendo wake, hutazama kaskazini, tena juu karibu na utosi. Kwenye risiva andika mahali ulipo: 6.2 Kusini na 39.2 Mashariki kwa Mjini, au 5.2 Kusini na 39.8 Mashariki kwa Chake Chake. Ukikosea ukaandika Kaskazini, mota hugeukia upande usio wake, kisha lawama zikaangukia LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Nguzo nayo lazima isimame wima kabisa; ikipinda kidogo tu, utapata setilaiti ya katikati na kuzikosa za pembeni. Kaskazini usiitafute kwa dira juu ya paa la bati, maana chuma huidanganya. Tumia kivuli cha jua la adhuhuri.

Chumvi ya bahari hula skrubu na mota. Pakaa grisi.

Sasa la nyumbani. Nilipoweka mota niliahidi kila mtu ataona anachotaka. Dishi ni moja na hutazama setilaiti moja kwa wakati mmoja. Usiku mimi niko kwenye mpira sebuleni, Bi Mkubwa chumbani kwenye tamthilia yake, na kila akibonyeza rimoti dishi juu ya paa linaanza kukoroma na mpira wangu unaondoka. Kama nyumba ina TV mbili na setilaiti mnazozipenda ni mbili tatu tu, madishi yaliyofungwa yasiyogeuka, au dishi moja lenye LNB mbili kama setilaiti ziko jirani, yataleta amani kuliko mota.

Mvua ya masika picha ikiganda, watu husema kampuni imekata. Mara nyingi ni maji tu: mawimbi ya Ku ya madishi madogo humezwa na mvua kubwa, ilhali ya C, yale ya madishi ya futi sita au nane, hupita.

Jua nalo lina zamu yake. Karibu na tarehe 23 Machi, na tena karibu na 20 Septemba, kwa siku chache jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake huifunika picha kwa dakika kadhaa. Kwa zile za nyuzi 36 huwa baina ya saa sita na nusu na saa saba kasorobo mchana. Jirani yangu alimwita fundi. Mpaka ngazi inasimama ukutani, picha imesharudi. Fundi akapanda, akalishika dishi, akashuka, akadai fedha yake. Akapewa.