Mtoto wa Darasa la Kwanza: Maswali ya Wazazi Kuhusu Afya na Majibu Yake

Tangu anapozaliwa hadi anapotimiza miaka 5, mtoto wa Tanzania huwa na ratiba ya kliniki: anapimwa uzito, anapata chanjo, anapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila baada ya miezi 6, na kwa mujibu wa sera ya afya anatibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Baada ya hapo ratiba hukoma, na kadi ya kliniki huwekwa kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa. Haupiti muda mrefu mtoto huyohuyo anaingia darasa la kwanza, ambako macho, masikio, usingizi na damu yake vinadaiwa kazi ambayo havijawahi kuifanya, ilhali hakuna tena anayemkagua kwa ratiba isipokuwa mzazi wake. Majibu yafuatayo ni ya maswali yanayoulizwa sana na wazazi shule zinapofunguliwa Januari na katika miezi inayofuata.

Mwanangu alikuwa mchangamfu katika darasa la awali, lakini sasa mwalimu anasema ni mzito wa kuelewa. Je, tatizo ni akili?

Usilikubali neno hilo haraka, na mtoto asilisikie likisemwa mbele yake. Kabla ya kumhukumu, hakikisha kwanza kwamba anaona ubaoni, anamsikia mwalimu, analala vya kutosha, anakula kabla ya masomo na damu yake inatosha. Katika darasa la awali mtoto hujifunza kwa nyimbo, michezo na picha kubwa zilizo karibu naye. Katika darasa la kwanza anatakiwa kunakili maneno kutoka ubaoni, pengine akiwa amekaa dawati la nyuma katika chumba chenye wanafunzi wengi. Mtoto mwenye uoni hafifu mara nyingi halalamiki, kwa kuwa hajawahi kuona vingine na anadhani kila mtu anaona kama yeye.

Anza na daftari lake. Ikiwa anakosea herufi anaponakili ubaoni lakini anasoma vizuri kitabu alichokishika mkononi, huenda haoni mbali. Dalili nyingine ni kufinya macho, kuinamisha kichwa upande mmoja, kuisogelea televisheni, kuumwa kichwa anaporudi shuleni, na kunakili kutoka katika daftari la mwenzake badala ya ubaoni. Unaweza kufanya jaribio dogo nyumbani: msimamishe hatua kadhaa kutoka kwenye kalenda ya ukutani, mzibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, muulize tarakimu anazoziona, kisha urudie kwa jicho la pili. Tofauti kati ya macho mawili ndiyo inayojificha zaidi, kwa sababu jicho zima hubeba kazi ya lile dhaifu na mtoto akaendelea kukimbia na kucheza bila shida yoyote. Jicho dhaifu lisipotumika, ubongo huzoea kulipuuza, na hali hiyo hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa kabla ya mtoto kuvuka umri wa miaka 7 hivi. Jaribio la kalenda halichukui nafasi ya kipimo cha mtaalamu, lakini linatosha kukuonyesha kwamba safari ya kliniki ya macho isisubiri likizo.

Je, miwani haitazidi kumharibu macho akiwa bado mdogo?

Hapana. Miwani iliyopimwa na mtaalamu haidhoofishi macho, na kwa mtoto mwenye tofauti kubwa kati ya macho mawili ndiyo tiba yenyewe. Kinachohitaji uangalizi ni wenzake kumcheka. Mwombe mwalimu aliseme jambo hilo darasani mapema.

Nitajuaje kama anasikia vizuri?

Mtoto anayeuliza "eh?" kila mara, anayeongeza sauti ya televisheni, au anayetekeleza nusu tu ya agizo alilopewa akiwa amegeukia upande mwingine huitwa mtukutu, na wakati mwingine huchapwa, ilhali hakusikia. Simama nyuma yake asikoweza kukuona midomo, umnong'oneze jina la kitu anachokipenda, na uone kama atageuka. Sikio linalotoa usaha si jambo la kuzoea wala la kusubiri akue. Usaha ukiendelea kwa zaidi ya wiki 2 unaashiria ugonjwa sugu unaoweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu kwa kudumu. Usimtie mafuta ya kula, maji ya majani wala dawa ya matone uliyoachiwa na jirani, na usimchokonoe kwa njiti ya kiberiti. Likaushe sikio kwa kipande cha kitambaa safi kilichosokotwa, lizuie lisiingie maji, na umpeleke kituo cha afya.

Anaamshwa saa 11 alfajiri ili awahi basi la shule. Anahitaji kulala saa ngapi?

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 katika kila saa 24. Hesabu yake ni fupi: anayeamshwa saa 11 alfajiri anapaswa kuwa amelala, si kuandaliwa kulala, ifikapo saa 2 usiku, na hapo amepata kiwango cha chini kabisa. Maana yake ni kwamba taarifa ya habari inapoanza, mtoto awe ameshakula, ameshaoga, ameshapiga mswaki na yuko chini ya chandarua. Katika nyumba nyingi za mijini saa hiyo ndiyo kwanza chakula kinapakuliwa, na mtoto hupelekwa kulala saa 4. Asubuhi tunamwona anasinzia ndani ya basi tukadhani ni uvivu wa utoto. Usingizi mchache humfanya mtoto awe mwepesi wa kulia, mgumu wa kutulia na msahaulifu wa alichofundishwa jana. Ikiwa ratiba ya familia haiwezi kubadilika, mpe mtoto chakula chake cha jioni mapema peke yake, uzime simu na televisheni saa nzima kabla ya kulala, na kama uwezo unaruhusu, ipime upya sababu ya kuchagua shule iliyo mbali kiasi hicho. Kwa maoni yangu, shule nzuri ya karibu inayomwachia mtoto saa mbili zaidi za usingizi ina faida ambayo wazazi wengi hatuihesabu tunapochagua.

Angalia pia akikoroma kila usiku huku akilala mdomo wazi na kuonekana kukata pumzi. Hiyo huweza kuwa dalili ya nyama za puani au mafindofindo makubwa, na daktari anapaswa kumwona.

Anakwenda shule bila kula kwa sababu asubuhi hana hamu. Je, kuna madhara?

Yapo, na huonekana katika masomo ya katikati ya asubuhi, tumbo likiwa tupu tangu jana jioni. Hamu ya kula ikikosekana kwa sababu ameamshwa ghafla, mwamshe robo saa mapema na umpe kidogo: kikombe cha uji uliochanganywa na karanga zilizosagwa au maziwa, yai la kuchemsha, kiazi kitamu kilichobaki usiku. Chai ya rangi na andazi hujaza tumbo lakini humpa virutubisho vichache sana, na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Iondoe kwenye mlo wake.

Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu, na upungufu wa damu ni sababu kubwa ya mtoto kuchoka, kushindwa kuzingatia na kukaa pembeni wenzake wanapocheza. Vuta kidogo kope la chini la jicho lake na utazame ndani: pakiwa peupe badala ya kuwa pekundu, au viganja vyake vikiwa vimepauka ukivilinganisha na vyako, apimwe damu. Dagaa, maini, nyama, maharage na mboga za majani husaidia, na chuma cha mboga na maharage hufyonzwa vizuri zaidi mtoto akila pamoja na chungwa, embe au ndimu. Hata hivyo, chakula peke yake hakitatosha ikiwa damu inanyonywa na minyoo au kuharibiwa na malaria ya mara kwa mara. Chandarua hakikuwekwa kwa ajili ya watoto wachanga tu. Kaka aliyempisha mdogo wake kitandani anahitaji chake.

Shuleni wamesema watagawa dawa za minyoo na kichocho. Nimruhusu?

Mruhusu. Dawa ya minyoo inayotolewa shuleni, albendazole au mebendazole, ni kidonge kimoja kwa kila mtoto, na imetumika kwa usalama duniani kote kwa miaka mingi. Dawa ya kichocho, praziquantel, hutolewa kwenye maeneo yenye ugonjwa huo, kama vile kando ya Ziwa Victoria, na idadi ya vidonge hutegemea urefu wa mtoto. Ndiyo maana watoto husimamishwa kwenye kijiti chenye alama, na wawili wa darasa moja wanaweza kupewa vidonge tofauti kwa idadi bila kosa lolote. Dawa hii humezwa mtu akiwa ameshakula, kwa hiyo siku hiyo asitoke nyumbani na njaa. Maumivu ya tumbo, kichefuchefu au kizunguzungu huweza kutokea na kwa kawaida huisha yenyewe. Mjulishe mwalimu mapema ikiwa mtoto ni mgonjwa siku hiyo au anatumia dawa nyingine. Mkojo wenye damu hautibiwi kwa kusubiri zamu ya shule: mpeleke akapimwe siku ileile.

Ameota jino nyuma kabisa na hakuna lililong'oka. Ni la utoto?

La, na hili naomba lisomwe kwa makini. Magego ya kwanza ya kudumu huota akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote 20 ya utoto, bila kumng'oa mwenzake. Wazazi wengi huyadhani ya utoto, yanatoboka, yanang'olewa, na hakuna mengine yatakayokuja mahali pake. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima amalizie kumpigia huko nyuma mpaka afikishe miaka 7 au 8. Kwa wanaoishi Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine yenye floridi nyingi katika maji, madoa ya kahawia kwenye meno hayatokani na uchafu bali na floridi iliyozidi. Kuyachemsha maji hayo hakuondoi floridi, na magadi ya kuivishia maharage huweza kuiongeza, hivyo maji ya mvua yaliyovunwa vizuri ni afadhali kwa kunywa na kupikia.

Amerudia kukojoa kitandani tangu aanze shule.

Tutenganishe hali mbili. Kati ya watoto 100 wa miaka 7, takriban 5 hadi 10 bado hawajaacha kukojoa usiku, na wengi wana mzazi aliyekuwa hivyo utotoni. Hao hawana ugonjwa, na fimbo au kuanikiwa godoro mbele ya majirani huwaongezea hofu tu. Aliyekuwa ameacha kwa miezi 6 au zaidi kisha akarudia ana sababu inayopaswa kutafutwa. Muulize kwa upole kuhusu choo cha shule. Wapo watoto wanaojizuia kutwa nzima kwa sababu choo kina giza, mlango haufungi au wakubwa huwasukuma, na wengine huacha kabisa kunywa maji ili wasihitaji kwenda. Matokeo yake ni choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo, na yote mawili huweza kumfanya akojoe kitandani usiku. Inawezekana pia kuna anayemwonea au kumgusa isivyofaa, shuleni au njiani, naye hajui aliseme vipi. Akikuambia, mwamini, usimlaumu, na upate msaada kupitia namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa watoto isiyotozwa malipo. Ikiwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa sana hata mchana na anakonda, mpeleke hospitali siku hiyohiyo apimwe sukari, kwani kisukari huwapata watoto pia.

Mtoto wangu ana ugonjwa wa kudumu. Nimwambie nini mwalimu?

Mwambie kila kitu kinachoweza kutokea mbele yake, na umwachie maandishi yenye namba yako ya simu. Mwenye pumu akae na dawa yake ya kuvuta mahali inapofikika, si kwenye ofisi iliyofungwa. Mwenye seli mundu aruhusiwe kunywa maji na kwenda chooni wakati wowote, asipigwe na baridi wala kulazimishwa mbio, na homa yake ichukuliwe kuwa ya dharura. Mwenye kifafa akianguka alazwe ubavu, viondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na apelekwe hospitali degedege likizidi dakika 5. Waambie pia kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa sababu wapo watu wazima wanaomkimbia mtoto aliyeanguka kwa kuamini hivyo.

Chanjo si zilikwisha?

Itoe kadi kabatini uthibitishe, hasa dozi 2 za surua na rubela za miezi 9 na 18. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, na darasa lenye watoto wengi ni mahali rahisi pa surua kusambaa. Binti akifikisha miaka 9 hupewa chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi.

Vipimo hivi vinafanyika wapi?

Zahanati na vituo vya afya hupima malaria na wingi wa damu, hutibu minyoo na maambukizi ya sikio, na hutoa rufaa. Kwa macho na meno, ulizia hospitali ya wilaya au ya mkoa siku za kliniki hizo kabla ya kumtoa mtoto shuleni. Nenda na daftari lake pamoja na kadi ya zamani ya kliniki, na umweleze mhudumu ulichokiona na tangu lini, kwa mfano kwamba anakosea kunakili tangu Februari au kwamba sikio la kushoto limetoa usaha mara tatu mwaka huu. Maelezo ya namna hiyo humwonyesha mhudumu pa kuanzia, kuliko kumwambia tu kwamba mtoto hafanyi vizuri shuleni.