Nyumba ya mnara: maana yake, na mfano wa Tattershall

Nyumba ya mnara ni makazi ya bwana mwenye ardhi yaliyopandishwa juu badala ya kutandazwa chini. Vyumba ambavyo kwingine vingezunguka ua, hapa vinabebana: ghala chini, ukumbi juu yake, halafu chumba cha kupokelea wageni, halafu chumba cha kulala, na paa lenye ukuta wa kujikinga. Mgeni alijua heshima aliyopewa kwa kuhesabu ghorofa alizopandishwa.

Kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland, minara hii ilijengwa kwa hofu ya kweli. Wezi wa mifugo walivuka mpaka pande zote mbili, kwa hiyo kuta zilikuwa nene na madirisha membamba.

Mnara wa Tattershall, kwenye tambarare za Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, ni habari nyingine. Aliyeujenga, katika miaka ya 1430 na 1440, ni Ralph Cromwell, mweka hazina wa Mfalme Henry VI. Alitumia matofali ya kuchoma, yanayokadiriwa kufika 700,000, na mnara ukapita mita 30. Una mahandaki ya maji, na karibu na paa kuna matundu ya kuangushia mawe. Ukitazama haraka utasema ni ngome. Lakini angalia madirisha yake: mapana, yenye nakshi, yanaingiza mwanga kila ghorofa. Tena kwenye usawa wa ardhi kuna milango mitatu. Anayengoja kuzingirwa hajengi hivyo. Kwa maoni yangu hii ni nyumba iliyovaa mavazi ya vita, ili kila apitaye ajue mwenyewe ni nani.

Ndani, fahari iko kwenye meko za kuotea moto. Ni za mawe, na kati ya michongo yake mna mikoba ya fedha, alama ya cheo cha Cromwell. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimeng'olewa na kuuzwa, zisafirishwe Marekani. Lord Curzon, aliyewahi kutawala India kwa niaba ya Uingereza, aliununua mnara mwaka 1911, akazitafuta meko hizo, akazirudisha na kuutengeneza mnara wote. Alipofariki mwaka 1925 aliuachia National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majengo ya kale. Leo mgeni anapanda ngazi ya mzunguko, na mikoba ile anaikuta ukutani.